Mrija wa Chakol Kwenye Barafu

Jumapili, mwaka wa arobaini tangu niondoke kijijini kwetu Chakol

Mjukuu wangu Amoit,

Goti la nyanya yako limepona, anakusalimu. Umeuliza kama msichana wa Chakol anaiweza kazi ya kuchunguza bahari.

Nilipokuwa mtafiti wa bahari, siku yetu ya mwisho kwenye pwani ya bara la Ncha ya Kusini, bomba la kuvuta maji chini ya barafu lilizibwa na tope tena. Meli ilikuwa ikitungoja. Nikasuka kichungi cha waya, kama kile cha mwisho wa mrija mrefu tunaonywea pombe yetu chunguni, nikakifunga mwishoni mwa bomba.

"Boss, mrija uko, chungu kiko wapi?" alicheka mwenzangu Mganda.

Maji yakapanda safi, yamejaa vidudu hai tusivyovijua. Tulikumbatiana tukipiga vigelegele.

Nenda, Amoit; ujuzi wa Chakol utakufaa hata huko. Mimi Chakol sitarudi, kwani bahari imeshakuwa nyumbani kwangu.

Babu yako