Maji Yanayopanda Mchana

Montevideo, 4 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila joto limeanza mapema.

Kifurushi hiki nimempa dereva wa basi la asubuhi. Ndani kuna kipimo cha kisima chetu cha maji ya mvua. Wilmar ameniahidi kwamba ukiweza kujua maji yaliyobaki ukiwa jikoni, bila kuinamia kisimani kama siku ile ulipoanguka, hatakuhamishia kwenye nyumba ya wazee mjini. Kaka yangu namjua, neno lake ni neno.

Nimekuchagulia kama ninavyowachagulia wateja wakorofi dukani ninakouza vipimo. Kinatoa sauti isiyosikika, kinasubiri mwangwi urudi kutoka kwenye maji, kisha kinahesabu umbali. Vile vya bei ndogo uso wake ni wa wavu, unyevu ungeviua kabla ya Krismasi. Hiki kimezibwa kabisa. Fundi akifunge juu, shingoni mwa kisima, maana kitu kilicho karibu nacho kuliko shubiri moja hakikioni.

Mwanao, Graciana


20 Novemba

Binti yangu,

Nakusalimu. Goti lipo, linalalamika tu. Mvua hakuna.

Kipimo kimefungwa, na kioo chake cha kuonyesha namba kiko jikoni karibu na birika langu la chai ya yerba mate. Asubuhi kinasema vizuri. Ikifika saa sita mchana, maji yanapanda kiasi cha kiganja. Jioni yanashuka yalipokuwa. Nimemwambia Wilmar, akanitazama jinsi daktari wa mifugo anavyomtazama ng'ombe mzee. Angalia hicho chombo chako.

Mama yako


28 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na ukame.

Umeona sawasawa, na kosa ni langu. Hewa ikipata joto, sauti inakimbia zaidi, mwangwi unawahi kurudi, na chombo kinadhani maji yamesogea juu. Nakutumia kingine chenye kipimajoto ndani, kinajirekebisha chenyewe. Sauti yake pia inakwenda kwa mstari mwembamba, haitagonga kuta wala kamba ya ndoo.

Mwanao, Graciana


15 Desemba

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Hicho kipya ni kizuri, hata rangi yake naipenda. Maji bado yanapanda mchana.

Mama yako


22 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Krismasi.

Nimekipima kipimo cha aina hiyohiyo hapa dukani, juani na kivulini, hakikosei. Wilmar amenipigia. Anasema juzi umemwambia tena kwamba maji yanapanda bila mvua. Mama, usikasirike, unavaa miwani unaposoma? Pengine unasahau ulichosoma asubuhi. Wilmar amekwisha kuuliza nafasi kule mjini. Anasema ni mwezi mmoja tu wa kujaribu, nami sikumpinga.

Mwanao, Graciana


19 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu na simu hupokei, na najua sababu.

Jana alikuja mteja wa kiwanda cha maziwa. Kipimo cha pipa lake kinaonyesha limejaa wakati maziwa yamepungua. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote: kuna nini kinachoelea juu? Akasema povu. Nikamwacha amesimama pale, nikaenda kukaa stoo.

Mama, Petrona bado yuko?

Hilo swali wewe sikukuuliza. Kwetu kila kisima kina kobe wake wa maji, wa kula viluwiluwi vya mbu, na hakuna anayemtaja, kama mtu asivyotaja kwamba nyumba ina mlango. Mchana unamfungulia kifuniko umtupie majani ya letusi, siyo? Akiona mwanga anapanda kwenye ule ubao wa baba unaoelea, anakaa katikati. Chombo kinapima mgongo wake. Wewe ulisoma sawasawa tangu siku ya kwanza.

Wilmar ateremshe bomba refu la plastiki, alitoboe matundu maji yaingie, na kipimo kikae juu yake. Sauti itapita ndani ya bomba na haitakutana na Petrona. Nisamehe.

Mwanao, Graciana


2 Februari

Binti yangu,

Nakusalimu. Goti ni lilelile.

Barua zako mbili za mwisho nilimsomea Wilmar kwa sauti, sehemu ya miwani nikairudia. Nikamkalisha mbele ya kioo, mimi nikaenda kufungua kifuniko. Namba ikapanda mbele ya macho yake. Akaja mbio kisimani, akachungulia, akamwona Petrona ametanua miguu kama mwenye shamba. Alikaa chini akacheka mpaka akatoa machozi, halafu machozi yakaendelea bila kicheko.

Bomba ameliweka. Sasa namba haitikisiki, na maji ni machache kweli. Nyumba ya wazee niliwapigia mwenyewe, nikawaambia nafasi hiyo wampe mwingine.

Kifuniko sitaacha kukifungua, hilo sikufichi. Petrona anakula mchana na mimi ndiye ninayemlisha. Wilmar ameninunulia mkanda wa mafundi wa paa, naufunga kiunoni na kamba yake nguzoni. Majirani wanakuja kutazama.

Jambo moja nikuambie, kisha tusilirudie. Kisima sijawahi kukiogopa. Nilichoogopa wiki zile ni kwamba nyinyi wawili mmekwisha kukubaliana, na nikaanza kuandika namba kwa penseli ukutani, asubuhi na mchana, nijue kama bado ni mimi.

Mama yako