Namba Nyeupe Ziwani

Alhamisi. Ziwa limetulia, mimi sijatulia. Mvua inatishia juu ya milima tangu asubuhi kisha haiji, na barabara imejaa watu wanaokimbia kutoka kijiji cha Mutarule, magodoro kichwani. Kila mtu ana habari yake kuhusu waasi wamefika wapi. Mimi nawaza moja tu: leo ni siku ya ishirini na sita.

Nieleze. Maabara moja inachukua wanafunzi watatu wa biolojia wakajifunze utafiti wa tabia za wanyama. Sharti lao ni siku thelathini za kuchunguza viumbe walewale, mahali palepale. Naitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Nilichagua samaki wadogo wanaobandika mayai chini ya mawe, hapa Kalundu, nyuma ya nyumba yetu. Nikapaka mawe kumi na mawili namba nyeupe ili nisichanganye viota. Kila asubuhi navaa miwani ya kuogelea, nalala juu ya maji, nahesabu dume anayelinda mayai amefukuza wavamizi mara ngapi.

Nina barua ya chuo. Nina muhuri wa ofisi ya mazingira. Wanawake wanaofua pale sikuwaeleza kitu, niliwaomba tu wapeleke sabuni yao mbali na samaki wangu.

Kuwaomba ni uongo. Niliwafukuza.

Leo saa nne alikuja chefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, na vijana wanaoulinda. Maneno yameenea kwamba namba zangu ni alama, kwamba mitumbwi ya waasi itazifuata. Nilimpa barua zangu, akanirudishia bila kuzisoma.

"Binti yangu, minye najua weye uko mutoto wa hapa," aliniambia kwa upole. "Lakini batu banaogopa. Utoe hizi mawe mbele ya saa sita, ao hawa vijana batatoa bo benyewe."

Nilijua maneno yametoka wapi: kwa Mama Nabintu, mkubwa wa wale wa sabuni. Niliingia majini nikimlaani kimoyomoyo, nikang'oa jiwe moja baada ya jingine na kulitupa pwani. Sita ya kwanza sikuyageuza hata kuangalia.

Kwenye la saba kitu kilinidonoa mkono, kikarudia, kikarudia tena. Dume wa urefu wa kidole changu alikuwa ananiuma. Niligeuza jiwe ndani ya maji: mayai, chini yote. Yalitagwa jana. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe.

Nikalia, mbele ya vijana wote wale.

Mama Nabintu, aliyekuwa akitazama kutoka pwani na wenzake, ndiye aliyeingia majini, na nguo zake zote. Akainama.

"Ni nini hii?"

"Mayai, mama. Baba yao ndiye huyu ananiuma."

Alimtazama yule samaki kwa muda. "Rudisha jiwe pahali pake," akasema. Kisha akamgeukia chefu: "Shida iko mu namba, haiko mu jiwe. Namba tutafuta." Akachota mchanga, akaanza kusugua. Tulifuta zote sita zilizobaki, mimi na yeye, bila kuyatoa mawe majini. Chefu alisubiri hadi ya mwisho, akaondoka. Mama Nabintu hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Kesho nitaanza kwa kuwasalimia wale wanawake, hata kama hawataitika.

Viota sita vimebaki, na siku nne. Fomu yangu ilisema kumi na viwili. Ningeweza kuvijaza vyote kwa kubuni hapa mezani, nani atakuja kuhakikisha vita vikiwa mlangoni? Nimekaa na kalamu saa nzima, nainuka, narudi. Naogopa sana kuikosa nafasi hii.

Mwishowe nimeandika sita vimeharibiwa. Halafu kiota cha saba: dume alishambulia, mara tisa. Kwenye safu ya mvamizi huwa naandika kaa, au aina ya samaki. Leo nimeandika jina langu.