Salamu Isiyoitikiwa

KITUO KIDOGO CHA POLISI, MTAA WA NISHINOMON, KYOTO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tsujimoto Sadako
Umri: Miaka 68
Kazi: Mwenye nyumba ya kulelea wanagenzi wa geisha
Makazi: Uchochoro wa Nishinomon, nyumba ya tatu kutoka kisimani

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeonywa niseme kweli tupu, nami nimemjibu afande kwamba mtu wa umri wangu haambiwi hivyo, ila namsamehe kwa kuwa ni kazi yake.

Naishi na wasichana watatu wanaojifunza ugeisha, yaani kazi ya kuwatumbuiza wageni kwa ngoma na nyimbo. Mdogo wao ni Hinagiku, ana miaka kumi na sita, kwao ni Tottori, baba yake analima mapea. Wasichana wote wananiita Mama, na kila aliyewatangulia katika nyumba yangu wanamwita Dada, hata kama aliacha kazi zamani. Kwetu ukikutana na Dada, popote pale, unasimama, unainama, unamwamkia, na huinuki mpaka aitike. Hilo halina mjadala. Msichana asiyeliweza simruhusu kutoka mlangoni.

Makimura Fusae namjua vizuri kuliko anavyopenda. Nilimlea miaka sita. Alipoacha kazi akaolewa sikumnunia, watu huolewa. Sasa ana kibendera cha manjano na anatembeza watalii mtaani kwetu. Anajua wasichana wanatoka saa ngapi na wanashika njia gani, kwa sababu yeye mwenyewe alitoka kwa mlango huohuo. Hicho ndicho anachouza, hana kingine.

Mwezi uliopita nilimfuata nikamwambia, "Fusae, uchochoro huu haupitishi watalii. Kibao umekiona."

Akasema, "Mama nawe, njia ni ya watu wote. Halafu mimi nawasema nyinyi vizuri tu."

Nyinyi, alisema, si sisi. Nilirudi ndani nikashindwa kula.

Mnamo tarehe 18 Machi, saa kumi na moja na nusu jioni, Hinagiku alitoka kwenda kuwahudumia wageni kwenye nyumba ya chai ya mtaa wa chini. Kuramoto, mzee anayewavisha wasichana wangu kimono na kuwafunga mishipi yake mizito, alikuwa amemaliza kumvisha muda huohuo, akatoka nyuma yake. Mimi nilisimama kizingitini nikimsindikiza kwa macho. Mvua ilikuwa imekatika na mawe ya njia yalikuwa na utelezi, naye alivaa viatu vyake vya mbao virefu. Alikuwa akishuka vizuri kabisa.

Fusae alikuwa kwenye kona na watalii wake, kama kumi na tano hivi. Nilimsikia akiwaambia, "Msiondoke, anakuja sasa hivi."

Kuramoto hakuweza kunyamaza. Alimwambia, "Fusae, umekuwa mchunga watalii siku hizi? Wahesabu wasije wakapotea."

Fusae akajibu, "Afadhali hawa wananisikiliza, babu. Wewe endelea na mishipi yako."

Nataka hapa afande aandike sawasawa. Hinagiku anajua la kufanya mbele ya watalii. Anatazama chini, anapita, hasimami hata wakimzunguka na kamera. Nimemfundisha mimi na amefanya hivyo mwaka mzima. Watalii wangekuwa mia angewapita. Ndipo Fusae akamwita kwa jina lake. Alisema, "Hinagiku, mdogo wangu, hata salamu?"

Hinagiku alisimama. Aliinama mpaka chini, nami nikamsikia akisema, "Shikamoo, Dada."

Fusae hakuitika. Aliwageukia watalii, akashusha kibendera chake karibu na shingo ya yule mtoto, akaanza kuwaeleza poda nyeupe inavyopakwa, na kwa nini ukosi wa kimono unashushwa nyuma na ngozi kidogo inaachwa bila rangi. Akawaambia wasogee waone. Wakasogea. Hinagiku alibaki ameinama, akingoja. Mshipi ule peke yake unamlemea mtu mzima.

Niliita, "Fusae, mwitikie mtoto."

Alinisikia, maana alinitazama. Akasema, "Subiri kidogo, Mama, wanapiga picha."

Nilianza kuteremka, lakini goti langu bovu halinipeleki haraka. Mwanamume mmoja mrefu mwenye kofia nyeupe akanyoosha kidole, akaugusa ukosi wa Hinagiku. Mtoto alishtuka, kiatu kikapinduka, akaangukia mkono wa kushoto. Yule mtalii alipiga magoti kwenye maji, akavua koti lake akamwekea chini ya kichwa, na alikuwa analia. Huyo sina ugomvi naye. Alionyeshwa kitu kama bidhaa ya dukani, naye akakigusa. Kuramoto alimbeba Hinagiku mpaka barabarani tukapata teksi. Fusae aliwaongoza watu wake wakaondoka.

Hospitalini tuliambiwa mkono umevunjika. Mwezi ujao ni ngoma ya masika, na ingekuwa mara yake ya kwanza kupanda jukwaani. Hatapanda. Hilo tungelivumilia, kuna mwaka kesho. Ambalo silivumilii ni hili lifuatalo.

Tarehe 19 baba yake alifika kutoka Tottori. Mchana wake Fusae alikuja wodini na tikiti lililofungwa utepe. Mbele yangu alimwambia yule mzazi, "Msichana hajafundwa vizuri, ndiyo maana viatu vilimshinda. Nyumba za siku hizi zina haraka." Baba yake si mtu wa maneno mengi. Aliniita kwenye korido, akaniambia, "Mama, kama mwanangu hafai kwa kazi hii, niambie ukweli. Jumapili nitarudi naye nyumbani." Nilimweleza yote. Nilimwona haniamini, kwa sababu mwenye nyumba lazima aitetee nyumba yake.

Niliporudi kitandani Hinagiku aliniuliza, "Mama, Dada Fusae ana hasira na mimi? Hakuitika." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikuwa natamani kumpiga mtu, na nasema hivyo nikijua naandikwa.

Afande ameniuliza kama nilimwona Fusae akimsukuma Hinagiku. Hapana. Akimshika? Hapana. Ameniuliza, "Sasa Mama, alimzuiaje? Si angeweza kujiondokea?" Nimemwambia hakuweza. Ameuliza alizuiwa kwa kitu gani, nami nimesema aandike kwamba alizuiwa kwa kutoitikiwa. Afande aliweka kalamu chini, akasema sheria haina kosa la namna hiyo. Nimemwambia sikuja kutafuta kosa la kwenye sheria, aandike hivyohivyo nilivyosema, kisha baba wa mtoto asomewe na mtu mwenye sare, kabla ya Jumapili. Ajue binti yake hakuanguka kwa kutofundwa. Ameanguka kwa sababu amefundwa, na aliyemwangusha alifundwa katika nyumba ileile, akijua fika kwamba mtoto hatainuka.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, sina la kupunguza.

(Muhuri wa shahidi) Tsujimoto Sadako

MAELEZO YA OFISA: Yameandikwa nami, Konstebo Higa, tarehe 21 Machi, kuanzia saa nne asubuhi. Shahidi alisomewa akayakubali. Nilimshauri abadilishe neno "aliyemwangusha", akakataa. Baba wa msichana ameitwa kituoni leo alasiri asomewe.

Bi. Makimura Fusae, aliyeitwa naye kutoa maelezo, alikuwa akisubiri kwenye benchi la nje. Shahidi alipotoka, Bi. Makimura alisimama, akainama na kumwamkia. Shahidi alichukua mwavuli wake mlangoni, akaondoka bila kuitika. Nimemwita Bi. Makimura aingie. Nimemwita tena. Ninapoandika haya bado ameinama.