Kunde Zilizoanikwa Juu ya Mabati

Mjini Ho, Ghana, Jumanne

Mdogo wangu mpenzi Enyonam,

Salamu nyingi, na pole kwa goti lako. Mimi bado nipo. Nakunywa uji wa mahindi tu, na nesi hunitania, “Babu, leo umeamka tena?”

Nimechanganyikiwa, kwa hiyo soma polepole. Unaukumbuka utafiti ulionipa jina: unga wa majani ya mwarobaini huzuia fukusi wasile kunde. Mitungi kumi na miwili, miezi sita, hakuna punje iliyotobolewa. Binti yako Sitsofe aliurudia Accra kwa ajili ya shahada yake. Mara tatu alirudia, na mara tatu kunde zikawa vumbi. Mbele ya wasahihishaji nilisema mikono yake haina uangalifu, wakamwangusha. Alinifuata mlangoni akaniambia, “Basi, mjomba, njoo unishike hiyo mikono unionyeshe.” Sikwenda. Sasa anauza vitambaa.

Wiki iliyopita Mama Abla, aliyekuwa akinitunzia ghala, alikuja kunijulia hali. Tulipokumbuka ya zamani akacheka, akasema, “Nyinyi wasomi bwana, mlihangaika na unga wenu, na mimi nilishawachoma hao wadudu juu ya mabati.” Kwao, kunde haziingii mtungini kabla ya kuanikwa siku mbili kwenye mabati ya moto. Hata zangu alizianika, bila kuagizwa.

Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikia jambo geni. Lakini Enyonam, nilijua. Nilimwona akianika, na sikuliandika hilo katika utafiti. Je, niliona ni jambo dogo, au niliogopa? Kila asubuhi jibu linabadilika. Wala sijui hadi leo kama fukusi waliuawa na majani au na jua. Najua hili tu: siku ya kikao cha wasahihishaji niliyakumbuka yale mabati, nikanyamaza.

Nimekiandikia chuo haya yote. Madaftari yangu apewe Sitsofe. Akikubali, aanike nusu ya kunde, nusu asianike. Kila nusu aigawe tena, zenye unga na zisizo na unga. Anayehesabu matundu asijue mtungi upi ni upi. Aandike kila kitu, hata kile ambacho kila mtu ghalani anakijua. Majibu yakinikanusha, ayachapishe hivyo hivyo.

Wasalimie wajukuu, na majirani wanaoniulizia. Msomee Sitsofe barua hii. Nilitaka kumwandikia mwenyewe. Nimeanza mara nne, na kila mara nimeishia kwenye jina lake.

Kaka yako,
Etse Kpodo