"Uachie ngazi"

Chiku! Getruda katoka kwangu sasa hivi, kalia mpaka macho yamevimba. Kamfukuza Joachim kazi kwa mdomo wake mwenyewe!

Si unajua ndiye mkalimani wa yule bosi mgeni anayejenga kule Msamala? Leo Joachim, msimamizi wa mafundi, alikuwa ameshikilia ngazi, Alfani yuko juu anapaka rangi. Bosi kaja, kamwaga Kiingereza chake. Getruda akaona aibu kusema wazi, akasema, "Kaka, bosi anataka uachie ngazi."

Achia ngazi! Kama anatangaza waziri kujiuzulu!

Joachim akajibu, "Nikiiachia si Alfani ataanguka? Mwambie asubiri."

Mafundi wakacheka. Bosi akauliza wanacheka nini. Ikabidi Getruda aseme, "Siyo hiyo ngazi, kaka. Kazi. Huna kazi."

Chiku, Joachim hakuiachia. Aliishika mpaka Alfani akakanyaga chini.

Ndipo akamgeukia Getruda. "Ulijua tangu lini?"

Tangu jana! Barua ya kumfukuza aliichapa yeye. Na asubuhi wamekunywa chai pamoja, wanacheka.

Getruda akamgeukia bosi.

Bosi akauliza, "Anasemaje?"

Getruda akamwambia, "Anashukuru."