Siku Nilipokushika Mkono, Afande

Kasese, kambini

Afande Obura,

Jana farasi alizaa hapa kambini, salama kabisa, nami nimeshindwa kufurahi. Nimejifungia stoo ya majani nikuandikie. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike Bwera.

Unamkumbuka Shaba, yule farasi wetu jike. Maziwa yalianza kumdondoka wiki nyingi kabla ya wakati, ukaniambia, "Kagoro, hii iko mbaya. Maziwa ikitoka mapema, kondo ya nyuma iko mugonjwa." Nikacheka. Mimi niliyekulia kwenye ng'ombe Kitswamba, nani angenifundisha mimba? Wewe ulikuwa saisi wa farasi wa Wazungu kule Nanyuki, lakini nikakwambia ana maziwa mengi tu, shukuru Mungu.

Asubuhi ya uchungu, badala ya mfuko mweupe wa mtoto ukatoka mwekundu. Ukachomoa kisu uupasue. "Kondo imebanduka! Mutoto hapati hewa!" Nami, mjinga mimi, nikakushika mkono. Ng'ombe haharakishwi, nikasema, subiri. Ulinizidi cheo, nikakuzidi nguvu. Tulipomaliza kuvutana, mtoto alikuwa ameshakufa, na Shaba anamlamba.

Mkubwa wa kambi akauliza farasi walikuwa chini ya nani. "Mimi, afande," ukasema. Kisha ukaniangalia, ukingoja niseme yaliyobaki. Nikatazama buti zangu. Wakakuvua tepe, wakakupeleka mpakani Bwera, homa ikakuua huko huko.

Huyu wa jana naye alidondosha maziwa mapema, kwa hiyo sikubanduka zizini. Wekundu ulipochungulia nilikata papo hapo, sikuuliza mtu. Kitoto kikapiga chafya, kikasimama miguu ikitetemeka. Wenzangu wakanibeba juu juu: nani alikufundisha? Jina lako lilifika mdomoni, nikalimeza. Ee Mungu, mpaka lini?

Mama Atim, mke wako, aliyebaki huko Bwera, bado ananiita shemeji. Mwezi uliopita alinimiminia chai akasema, "Kambi nzima ilimusema bwana yangu. Wewe peke yako hukumusema." Atim wako naye shuleni wanamwita mtoto wa muua farasi, na mimi nipo, nakula, nalala.

Nisamehe, rafiki yangu. Pumzika. Jumapili nakwenda Bwera, nitawaambia mke wako na mtoto wako mkono ule ulikuwa wa nani. Wakinifukuza, nitaondoka. Kisu nilichokatia jana ni kile chako. Nimekiosha, nitamwachia Atim.

Koplo wako,
Kagoro