Geti Nimeliacha, Mdomo Umebaki Kulilinda

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama wewe ni mdogo wangu basi salamu hiyo nirudishie, ila msaada nipe vilevile, maana nimekwama. Nimekuwa mlinzi getini miaka kumi na minne, jua langu, mvua yangu, nikajifunza kompyuta baada ya zamu mpaka macho yakaniuma, na sasa nina miezi miwili mapokezi kwenye zahanati, kiti cha kuzunguka, feni juu ya kichwa, mke wangu ameshawatangazia dada zake wote, ila mgonjwa akiingia tu najikuta nimeshasimama mlangoni namuuliza anakwenda kwa nani na huyo mtu anajua kama anakuja, mmoja nilimwambia afungue mkoba, na daktari mkuu nampigia saluti kila akipita hadi siku hizi anatumia mlango wa nyuma. Juzi akaja bibi anatetemeka, nikaandika jina lake na nyumba yake kwenye daftari kama nilivyozoea, nikamuuliza, "Una miadi?" akasema, "Sina, mwanangu, nina homa tu," nikamwambia asubiri nje, akanitazama, akaenda zake. Muuguzi msimamizi aliona yote, amesema Ijumaa ataamua kama nabaki au narudi nilikotoka, na huko getini yupo shemeji yangu, niliyemkabidhi kirungu mbele ya watu nikisema sirudi ng'o. Nifanye nini nisifukuzwe?

Wa Mapokezi

Bwana wa Mapokezi,

Marahaba. Mimi ni mkubwa wako, salamu sikurudishii.

Hongera kwa ulinzi. Tangu ufike, hakuna homa iliyopenya zahanati hiyo bila kibali. Mwenye mafua naye atakuja na barua ya utambulisho, nadhani.

Kusoma ukiwa umechoka si mchezo, na kwa hilo nakuvulia kofia. Miaka kumi na minne ulisifiwa kwa kuzuia watu, leo unalipwa kuwakaribisha; lazima mdomo uchanganyikiwe. Lakini soma swali lako tena. Umeuliza usifukuzwe vipi. Hukuuliza kama homa ya yule bibi imeshuka, na hapo ndipo uliponiudhi.

Sasa sikiliza. Mgonjwa akiingia, usinyanyuke, maana ukisimama tu geti linakurudia. Sema karibu, sema pole, mwonyeshe pa kukaa, ndipo uulize jina. Mikoba ya watu achana nayo. Daktari msalimie kama binadamu, maskini apate tena kupita mlango wake.

Ila kabla ya yote hayo, na usingoje Ijumaa, chukua hilo daftari lako. Kwa mara ya kwanza litamfaa mgonjwa. Nenda nyumbani kwa bibi, umwombe radhi, umpeleke mwenyewe kwa daktari. Ukifika piga hodi, usimame nje. Akikuuliza wewe ni nani na nani alijua unakuja, jibu kwa adabu, na asipofungua haraka, subiri.